Oman: panga safari kwa saa za wenyeji

Ijumaa alfajiri mjini Nizwa, wafugaji huwa wameshafika sokoni kabla jua halijaigusa ngome. Mbuzi huteremshwa kutoka kwenye pikapu, wanunuzi hujipanga kwa duara, wengine ndani na wengine nje, na katikati yao wauzaji huzunguka wakiwavuta mbuzi kwa kamba huku wakinadi bei. Anayevutiwa humsimamisha muuzaji kwa ishara ya mkono, humpapasa mnyama mgongoni, humfungua kinywa aone meno, kisha hutaja bei yake mwenyewe. Kufika saa tatu asubuhi shughuli kubwa huwa imekwisha. Sala ya Ijumaa ikikaribia maduka hufungwa, na mji haufunguki tena mpaka alasiri.

Msafiri aliyelala Muscat, akaamka kwa raha zake, akanywa chai ya hotelini na kuianza barabara ya kilomita 160 saa nne asubuhi, atafika Nizwa mji ukiwa umejifungia. Ataona kuta. Atapiga picha ya mlango wa soko. Huenda akazunguka na njaa akitafuta pa kula, wakati wenyeji wako msikitini au wamekusanyika nyumbani kwa wazee wao kwa chakula cha Ijumaa, siku ambayo jamaa hutafutana. Akirudi kwao atasimulia kwamba watu wa Nizwa si wachangamfu.

Hukumu hiyo naipinga. Watu wa Nizwa ni wakarimu, ila yeye aliwafikia katika saa ambayo hawakuwa na nafasi naye. Ndiyo maana nashikilia kwamba kupatana na wenyeji huanzia mezani kwako, siku ile unapokaa kupanga safari. Vitabu vya utalii hutenga sura moja ya ratiba na nyingine ya adabu kana kwamba hazihusiani, ilhali mtu aliyejipangia vituo vitano kwa siku hawezi kuwa na adabu hata akitaka. Hana muda wa kusalimia. Na Oman ni nchi ambayo salamu, ikianzia hali yako, ikapita kwa wazazi, watoto, safari na mvua, inaweza kumaliza kikombe cha kwanza cha kahawa.

Kwa miaka mingi safari ya ng'ambo kwetu Afrika Mashariki ilikuwa na shughuli yake: masomo, Hija na Umra, matibabu India, mzigo Dubai au Guangzhou. Sasa wapo wanaodunduliza ili wakaone tu, wakauonje ulimwengu, na wakiniuliza waanzie wapi huwatajia Oman. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni mwendo wa saa tano hivi. Nchi ni tulivu, barabara zake ni nzuri, na ina milima, jangwa, bahari na ngome za karne kadhaa. Tena ni miongoni mwa nchi chache nje ya Afrika ambako unaweza kupotea njia, ukamwuliza mzee aliyekaa kivulini, naye akakuelekeza kwa Kiswahili.

Majira, wiki na mchana

Kwanza chagua mwezi. Kati ya Novemba na Machi hewa ni ya kupendeza, na hapo ndipo watu hukaa nje, hutembea ufukweni jioni, hubeba majamvi na birika wakaenda mabondeni. Mwezi wa Juni joto la Muscat huvuka nyuzi 40, na mtu mwenye akili hubaki ndani. Usishangae basi ukikuta barabara tupu saa nane mchana, wala usifikiri umekwepwa.

Salalah, kusini kabisa, ina kalenda yake. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, pepo zile zile za kusi tunazozijua pwani yetu hupeleka ukungu na manyunyu kwenye milima ya Dhofar, na nchi ya mawe hugeuka kijani. Familia kutoka kila pembe ya Ghuba humiminika huko kutafuta ubaridi. Ni msimu mzuri wa kuwaona Waarabu wakistarehe, lakini vyumba huwa ghali na barabara hujaa. Kutoka Muscat ni kilomita 1,000 hivi, kwa hiyo usiiweke Salalah kwenye safari fupi kwa sababu tu imo kwenye ramani.

Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na inafaa kujua umeangukia wapi kabla ya kulipia tiketi. Kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa kisheria, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu. Migahawa mingi hufungwa hadi magharibi. Hata hivyo, kwa mtu aliye tayari kubadili usiku kuwa mchana, sijui wakati bora zaidi wa kualikwa. Mgeni anayeonekana anazurura wakati wa futari ni vigumu kuachwa apite hivi hivi.

Wiki nayo ina umbo lake. Tangu mwaka 2013 mapumziko ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea wasio Waislamu asubuhi tu, kuanzia saa mbili hadi saa tano, kila siku isipokuwa Ijumaa. Watu wengi hufika saa tano kasoro robo, wakatimuliwa kabla hawajalitazama vizuri zulia la ukumbi mkuu, lililofumwa Iran na wanawake 600 kwa miaka minne, wala thurea yenye urefu wa mita 14 iliyoning'inia juu yake. Ukifika saa mbili kamili utakuta ua wa marmari bado una baridi, na wahudumu wa kujitolea wa kituo cha wageni wakiwa na nafasi ya kukukalisha, kukumiminia kahawa na kujibu maswali yako kuhusu dini. Mwanamke afunike nywele, mikono na miguu hadi vifundoni, na mwanamume avae suruali ndefu.

Soko la Mutrah hufunga mchana na kufunguka tena jioni. Maduka madogo mengi ni hivyo hivyo. Ninachopendekeza ni kituo kimoja asubuhi, mapumziko mchana kama wanavyofanya wenye nchi, kituo kimoja alasiri, na usiku uachwe mtupu. Usiku ndio wa kualikwa. Aliyeujaza hana jibu mtu akimwambia, "Njoo nyumbani."

Karatasi zako na wale utakaowakuta

Viza hutolewa na Polisi wa Kifalme wa Oman kwa njia ya mtandao. Hakikisha masharti ya pasipoti yako kabla ya kulipia ndege, kwa sababu hayafanani kwa mataifa yote. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chapisha tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala, hata kama vyote vimo kwenye simu. Nalisema hili hasa kwa wanawake wanaosafiri peke yao. Wanawake wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wako Oman kwa kazi za nyumbani, na ofisa wa uhamiaji, huko na hata huku kwetu, anaweza kukudhania unakwenda kutafuta kazi kwa viza ya matembezi. Swali hilo linauma, lakini mwenye karatasi mkononi hulijibu kwa sentensi moja akapita.

Na wanawake hao utakutana nao. Ukialikwa kwenye nyumba, anayeleta sinia la wali anaweza kuwa ametoka Machakos au Singida. Msalimie kama ulivyowasalimia wengine, kwa sauti ile ile. Usimhoji mbele ya waajiri wake kuhusu mshahara au mateso, hata kama moyo unakuwasha, kwa maana wewe utaondoka na yeye atabaki. Akikutafuta pembeni akakueleza shida, msikilize hadi mwisho, na umweleze kwamba Tanzania na Kenya zina balozi zao hapo hapo Muscat. Naona ni wajibu wa kila msafiri wa kwetu kwenda na namba za balozi hizo kwenye simu.

Fedha ni riali, na riali moja ina baisa 1,000, si senti 100. Bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta: 2.500 ni riali mbili na nusu. Riali moja ni dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo noti inayoonekana ndogo ni pesa nyingi. Sokoni patana, kwa kucheka na bila haraka. Kwenye duka lenye bei zilizobandikwa, usipatane.

Nyuma ya meza ya duka pengine hutamkuta Mwomani. Katika wakazi milioni tano na ushee wa nchi hii, wageni ni sehemu kubwa sana. Muuza vitambaa ametoka Kerala, kinyozi Bangladesh, mpishi Pakistan. Nao ni wenyeji wako kwa siku hiyo. Nimeona watalii wakimpita mtu kama huyo bila hata kumwangalia usoni kwa kuwa "si Mwarabu halisi", na ni ufidhuli mtupu. Huenda ameuishi mtaa ule miaka ishirini, na anajua kila mlango wake.

Kikombe kidogo

Kahawa ya Oman haina sukari, ina iliki, wakati mwingine maji ya waridi, na humiminwa kidogo tu kwenye kikombe kisicho na mkono. Kabla yake huja tende au haluwa. Ile haluwa ya Zanzibar tunayoijua ina ndugu yake hapa: zafarani, samli, sukari, wanga, na mikono inayosonga sufuria kwa muda mrefu. Chota kidogo kwa vidole vya mkono wa kulia. Kikombe nacho pokea kwa mkono wa kulia. Kila ukimaliza utamiminiwa tena, na mmiminaji hatakuuliza kwa mdomo. Ukitosheka, tikisa kikombe kidogo upande huu na huu unapokirudisha. Asiyejua ishara hii hunywa hadi moyo ukamwenda mbio.

Kikombe cha kwanza usikikatae. Kama kweli huwezi kahawa, kula tende moja, gusa kikombe, shukuru. Kukataa kila kitu kwa kisingizio cha "nimeshiba" au "nina haraka" ni kumwambia mtu kwamba nyumba yake haikufai. Na ukikubali, kaa. Nusu saa ni kidogo. Hapa ndipo ratiba ya vituo vitano inapomfedhehesha msafiri: mwenye nyumba anamimina kikombe cha pili na mgeni anatazama saa, dereva anapiga honi nje, na wote wawili wanahisi vibaya.

Mwanamume asinyooshe mkono kwa mwanamke wa Kiomani mpaka mwenyewe aunyooshe. Mwanamke msafiri naye asisikitike mwanamume akiweka kiganja kifuani badala ya kumpa mkono, hiyo ni heshima. Kwenye nyumba nyingi wanaume huketi sebule yao na wanawake yao. Mwanamke anayesafiri ana bahati, kwa sababu huweza kukaribishwa ndani zaidi, jikoni na vyumbani kwa wanawake wenzake, ambako mume wake hatapaona kamwe. Mlangoni vua viatu. Ukikaa chini, usimwelekezee mtu nyayo.

Chakula kikubwa huja kwenye sinia moja, wali chini na nyama juu, kila mmoja akila upande wake. Mwenyeji atakusogezea vipande vizuri. Wakati wa sikukuu huenda ukabahatika kula shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwa majani, ikafukiwa kwenye shimo la pamoja la makaa la kijiji, ikakaa humo siku nzima au mbili. Baadaye huja maji ya kunawa, kisha chetezo. Udi ukishapitishwa na kila mtu akafukiza nguo na ndevu zake, tambua kwamba mazungumzo yamefika ukingoni. Shukuru, aga, ondoka. Atakayesema "bado mapema, kaa" anasema kwa upole wake tu.

Kiswahili na kumbukumbu

Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Zanzibar katika miaka ya 1830. Baada ya kifo chake mwaka 1856 wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 dola ikagawanywa rasmi kuwa mbili. Lakini watu hawakugawanyika. Familia za Kiomani ziliendelea kuishi Unguja na Pemba, Tabora na Ujiji, Bujumbura na Kasongo, zikazaa na kuzikana huko. Kisha yakaja Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Watu waliuawa, wengine walikimbia na nguo walizovaa. Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi, na waliotoka Afrika Mashariki, wengi wakiwa na elimu ya shule na Kiingereza, walijaza ofisi, hospitali na madarasa ya nchi iliyokuwa ikianza kujengwa.

Ndiyo sababu Kiswahili kinasikika Muscat hadi leo. Usimseme mtu sokoni ukidhani haelewi. Yule bwana aliyevaa kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa, ndugu wa karibu wa kofia yetu ya viua, anaweza kugeuka na kukujibu kwa lafudhi ya Ng'ambo ya Unguja.

Lugha hiyo inakufungulia mlango, na ndani kuna chumba ambacho hupaswi kuingia mpaka uitwe. Kwa mgeni kutoka Tanzania hasa, mazungumzo kuhusu 1964 yanahitaji moyo mwororo. Mzee anayekumbuka miembe ya kwao anaweza pia kukumbuka usiku aliompoteza baba. Mgeni ana historia yake aliyofundishwa shuleni: ya utumwa, ya karafuu, ya ukoloni, ya mkulima aliyenyonywa. Yote hayo yalikuwepo. Ila sebule ya mtu aliyekupa kahawa haifai kugeuzwa jukwaa la mdahalo. Yeye akianza, msikilize. Akikuuliza wewe una maoni gani, sema kwa ukweli na kwa ufupi, kisha muulize habari za mtaa aliokulia. Nimegundua kwamba wengi hawatafuti mshindi. Wanataka kujua kama ule mwembe bado upo, kama shule ile bado inaitwa hivyo, nani anaishi kwenye nyumba ya kona.

Vivyo hivyo usimwulize Mwomani mweusi "asili yako wapi?" kwa ile hamu ya kutafuta ndugu. Utumwa ulipigwa marufuku Oman mwaka 1970 tu, na nasaba ni jambo zito katika nchi ya makabila. Huenda babu zake walikuja kwa minyororo, huenda mama yake ni Mmanyema na baba yake ni Sheikh wa Kiarabu. Yeye ni Mwomani, na kama anataka kukuambia zaidi atakuambia. Siasa za ndani na nyumba ya Sultani ziache kabisa. Kumkashifu Sultani ni kosa la jinai.

Maji ya kijiji

Wenye kupenda milima watataka kupanda Jebel Akhdar, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hasa mwezi wa Aprili waridi zinapochumwa na kukamuliwa maji kwenye vijiji vilivyoning'inia ukingoni mwa korongo. Polisi wa kizuizi cha Birkat al-Mawz hawaruhusu gari lisilovuta kwa magurudumu manne. Hilo ni kwa usalama wako, na hakuna kubembeleza. Mgeni anayekodi gari akumbuke pia kwamba huko watu huendesha upande wa kulia, na kwamba bonde kavu huweza kujaa kwa dakika chache mvua ikinyesha mbali milimani. Aprili 2024 mafuriko ya aina hiyo yaliua watu, wakiwemo wanafunzi waliokuwa njiani kutoka shuleni. Ukiona maji yanavuka barabara, simama na usubiri na wengine. Kuyavuka makusudi ni kosa linaloadhibiwa.

Kijijini, kitu cha kutazama kwa makini ni falaj, mfereji unaoleta maji kutoka chemchemi au chini ya mlima hadi kwenye mitende kwa mteremko tu, bila pampu. Oman ina mifereji kama 3,000 inayotumika bado, na mitano kati yake iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mmoja ni Falaj Daris, karibu na Nizwa, unaofikika kwa urahisi. Maji hugawiwa kwa muda: kila shamba lina zamu yake, na zamani msimamizi alipima zamu hizo kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Yakiingia kijijini, hupita kwanza pa kuchota maji ya kunywa, kisha msikitini, kisha kwenye bafu za wanaume na za wanawake, ndipo yaende mashambani.

Sasa fikiria mtalii aliyechoka kwa jua anavua viatu na kutumbukiza miguu mahali maji yanapoingilia kijijini. Kwake ni mfereji mzuri wa picha. Kwa mama anayechota hatua chache chini, ametia miguu ndani ya mtungi wake. Hakuna atakayemfokea, kwa kuwa watu hawa hawapendi kumwaibisha mgeni, lakini watoto wataitwa ndani na hakuna atakayemkaribisha. Fuata mfereji kuelekea chini. Ukiona vijana wanaoga, uliza kama nawe unaweza. Misfat al Abriyyin, kijiji kilichojengwa juu ya mwamba, kimeweka vibao kuwaomba wageni wavae nguo za kusitiri, na sioni kwa nini mtu asubiri kuambiwa na kibao.

Kuna sehemu ambazo hazikaribishi mgeni kabisa. Mutrah, nyuma ya barabara ya bahari, kuna mtaa wa zamani wenye kuta, Sur al-Lawatia, wa jamii ya Walawatiya. Lango lake limekaa wazi, na ndani ni makazi ya watu. Piga picha ya lango, endelea na safari. Kuhusu picha kwa jumla: wanawake usiwapige bila ruhusa, hata kwa mbali. Wanaume na watoto, omba. Sheria za Oman zinalinda faragha, na kumweka mtu mtandaoni bila ridhaa yake kunaweza kukufikisha kituo cha polisi.

Sur

Mji ninaoupenda kuliko yote uko kusini mashariki, mwendo wa kilomita 200 hivi kutoka Muscat kwa barabara ya pwani. Sur ilikuwa bandari ya majahazi. Mabaharia wake walishuka na kaskazi hadi Mombasa, Lamu, Unguja na Kilwa, wakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, wakarudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu. Boriti hizo ziliezeka nyumba za Ghuba ambako mti wa kutosha haukuwepo. Jahazi la Fatah al-Khair, lililoundwa hapa mwaka 1951, limepandishwa nchi kavu na unaweza kulikaribia. Karakana bado iko ufukweni, mafundi wengi wakiwa Wahindi, wakipasua mbao na kuziba nyufa kwa pamba na mafuta.

Mtu wa pwani yetu ana cha kuzungumza hapa. Taja jina la mahali kwenu kama ni Kilindini, Shangani au Mikindani, na wazee wanaweza kukuuliza habari za maji yake. Usiku, mwendo mfupi kusini mashariki mwa Sur, kasa wa kijani hupanda ufukwe wa Ras al-Jinz kutaga. Huingii peke yako: walinzi wa hifadhi huwapeleka wageni kwa makundi, bila kurunzi wala mwanga wa kamera, na agizo la kukaa kimya ni la kila mtu. Panga kulala Sur usiku mbili. Mmoja ni wa kasa, na mwingine ni wa kukaa kwenye ukuta wa bandari baada ya sala ya isha, bila shughuli yoyote.

Begi la kwenda na la kurudi

Ukialikwa usiende mikono mitupu. Karafuu za Pemba, iliki, pilipili manga, mdalasini, kahawa nzuri ya Kilimanjaro au Nyeri, vyote hupokelewa kwa furaha, na kwa familia zenye asili ya huku, paketi ya karafuu ni zawadi kubwa kuliko bei yake. Miraa iache Meru, kwa kuwa nchini Oman inahesabiwa dawa ya kulevya kama nyingine. Pombe usimpelekee mtu.

Siku ya kuondoka nawe utabebeshwa. Mwenyeji wako ana dada Vuga, shangazi Chake Chake, rafiki wa shuleni Mombasa, na ameshakununulia sanduku la haluwa na chupa ya maji ya waridi ya kuwafikishia. Hilo ndilo linaonyesha kwamba mmepatana. Pokea, lakini mfuko ufunguliwe na kufungwa tena mbele yako, dawa zisizo na cheti uzikatae kwa upole, na kitu kilichotoka kwa mtu usiyemfahamu usikibebe hata kwa kuapishwa. Acha kilo kadhaa tupu kwenye begi tangu nyumbani kwa ajili ya mizigo hii. Na jina la mpokeaji, mtaa wake na namba yake ya simu viandikwe kwa kalamu juu ya sanduku, maana ukiteremka uwanja wa ndege wa Unguja simu ikiwa imezima, sanduku hilo litakaa kwako hadi haluwa iote ukungu.